Nilivyotengeneza chipu ya kupima glukozi kwa mshumaa na pasi

Mwaka wa mwisho chuo hapa Dar nilijichagulia projekti ya chipu ya kupima glukozi (sukari), zile zenye vijia vyembamba vya kupitishia tone moja tu la sampuli. Nilitaka ya silikoni kama zile za kwenye picha, bei ya vifaa ikanirudisha chini haraka sana, nikahamia kwenye karatasi ya kuchujia. Wazo sio langu, kundi la George Whitesides pale Harvard walilitoa 2007: karatasi inanyonya yenyewe, pampu ya nini, we kazi yako ni kuziba pembeni tu ili maji yafuate njia uliyochora.

Sasa kuziba ndo kulinitesa. Printa ya wino wa nta sikuipata popote, nikachora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea ya kompyuta, nikaenda kwa fundi wa kuchapa tisheti Kariakoo anitengenezee fremu, ile yenye wavu unaopitisha rangi sehemu za mchoro tu. Akaugeuza mchoro weee, "dogo, hii logo ya kampuni gani?" Ya sukari, nikamjibu.

Unasugua mshumaa juu ya fremu, nta inabaki kwenye karatasi, unafunika foili unapiga pasi ili izame mpaka upande wa pili. Mara ya kwanza nilichora vijia vya milimita 1 na vyote vikaziba, maana nta ikiyeyuka haiendi chini tu, inatambaa na pembeni, huku nusu milimita huku nusu, kijia kwishney. Nikarudi kwa fundi, milimita 3. Vikawa wazi ila rangi ya chakula niliyokua najaribia ikavujia kwa chini, nimehangaika siku mbili kumbe ni gazeti nililotandika mezani, lilikua linaninyonyea nta yangu! Nikatandika foili na chini, ikatulia. (Pasi ilikua ya rumeti, na shati lake jeupe la intavyuu lilipata nta, hiyo kesi tuliimaliza kwa chipsi kuku.)

Urefu nao nilikosea. Kwenye karatasi ukiongeza njia mara mbili muda unakua kama mara nne, kwahiyo kijia changu cha sentimita 4 sampuli ilikua inakaukia njiani, nikakikata kikabaki sentimita 1 na nusu.

Reaksheni yenyewe ya kuonyesha glukozi ni enzaimu mbili, glukozi oksidezi inatoa haidrojeni peroksaidi kutoka kwenye glukozi, halafu peroksidezi inaitumia hiyo kugeuza ayodaidi kuwa ayodini, unaona kahawia. Kwenye kiduara cha kupimia naanza na potasiamu ayodaidi (chumvi yenye hiyo ayodaidi), naacha ikauke kabisa, ndo naweka enzaimu zikiwa na trehalosi, aina ya sukari, ya kuzilinda zisiharibike zikikauka. Kinachonisumbua mpaka leo ni rangi kusukumwa ukingoni, katikati kweupe, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Nimepunguza tone la sampuli na imepungua, ila nikipiga picha kwa simu bado inabidi nipime duara zima, nikipima katikati tu hata glukozi nyingi inasoma kama hamna kitu.