Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Simu wa Mtaa wa Aggrey

Saa kumi na moja alfajiri niko Kimara, kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi. Saa moja na nusu nimeshafika Kariakoo, nimefuta vumbi kwenye kimeza changu hapa Aggrey, nimewasha taa na kupanga bisibisi.

Saa mbili anapita mama lishe na chai na chapati. Leo kaleta na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. "Mwanangu, nyota haibonyezeki tangu jana." Bila nyota hawezi kupiga *150*00# ya M-Pesa, na asipoipiga haoni salio wala hamlipi muuza mchele. Nikamwahidi jioni.

Saa tatu mpaka saa sita ni mifumo ya chaji, betri mbili zilizovimba, na protekta ambazo sikuzihesabu.

Saa saba akaja bosi wa macho matatu. Ni dalali wa viwanja. Mkononi ana iPhone 11 Pro, ile ya kamera tatu nyuma, kioo kimepasuka kona hadi kona. "Fundi, saa tisa na nusu nina mteja Upanga. Fanya haraka, na usiniibie."

Hilo la kuibiwa nilisemee. Watu wanaamini fundi akifungua simu anachomoa kifaa kizima na kurudisha kibovu. Wapo waliofanya hivyo, wakatuchafulia jina sote. Ndiyo maana mimi simu ya mtu naifungua mbele ya macho yake. Lakini kutazama ni kitu kimoja, na kumpumulia fundi shingoni ni kingine.

Nikampa bei mbili: kioo cha kuiga laki moja na nusu, na orijino kilichotolewa kwenye simu nyingine, laki tatu na nusu. Akachukua cha kuiga. Nikamwambia mapema kwamba kuanzia iPhone 11, simu inakijua kioo chake, na ukibadilisha itatoa ujumbe kwamba imeshindwa kukithibitisha. Akanijibu, "Wewe weka."

Nikapasha kingo moto gundi ilegee, nikatoa skrubu mbili za chini, nikanyanyua kioo taratibu, nikakata umeme wa betri. Kazi yenyewe iko juu, kwenye waya bapa wa spika ya sikioni, mwembamba kama karatasi. Kwenye simu hii waya huo unabeba sehemu ya vifaa vya kuitambua sura ya mwenyewe, na lazima uhamishwe kutoka kioo cha zamani kwenda kipya. Ukichanika, simu haimtambui tena. Pumzi nimeibana, na yeye anauliza kwa mara ya nne, "Bado?"

Nina kitochi cha kuazima wateja wanaposubiri. Nikampa aweke laini yake mteja asimkose. Akakitazama, akakirudisha mezani. Nikakasirika, kwa sababu mimi mwenyewe nimetunza familia miaka kadhaa kwa kitochi. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, mteja wangu akiniona na hiki, ataamini vipi kwamba nina kiwanja cha milioni hamsini?"

Hapo nikanyamaza, maana nimeyaona sana. Dalali hana ofisi, hana kitambulisho shingoni. Watu wanaipima kazi yake kwa kile alichokiweka mezani. Nilianza ufundi mwaka 2016, na Juni ya mwaka huo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia. Walikuja watu wazima wameshika simu zinazong'aa, wanabonyeza *#06# kuona namba ya utambulisho ya simu, na kuniuliza kama kuna namna. Hakukuwa na namna. Aibu ile ya kuzimiwa simu mbele za watu sijaisahau.

Simu ikawaka, sura ikatambulika, na ujumbe ukatokea. Akaja juu: nimemwekea feki, niufute. Nikamweleza tena, na tena. Jirani wa meza ya pili akaja kunisaidia kueleza. Muda wote huo wateja wangu watatu wakahamia kwa mafundi wengine. Sijui ilikuwa saa ngapi aliponihesabia hela, pungufu ya elfu kumi. Kabla hajaondoka akailaza simu mezani kifudifudi, macho matatu juu, akaitazama. "Nitaiweka hivi," akasema. Akakimbilia bodaboda.

Mgongo unauma, macho yanawasha kwa moshi wa risasi ya kuchomelea. Chakula nilikila kimepoa.

Jua limezama ndipo nikafungua kitochi cha mama. Chini ya nyota kuna kibati cha duara, kimeshika kutu ya mvuke wa masufuria. Nikasafisha kwa spiriti, nikabadilisha kibati. Akaja na beseni tupu kichwani, akakipokea, akabonyeza nyota. Menyu ikafunguka. Akamlipa muuza mchele palepale, amesimama, beseni bado liko kichwani.