Binti wa Marangu kwenye ukuta wa London

Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao ilikuwa ya 1967, kwa hiyo sisi tuliozaliwa baadaye tumekua bila kujaza kisanduku hicho. Moshi tulitaniana tu: huyu wa Machame, yule wa Rombo, mimi wa Marangu, yakaishia hapo. Huku Uingereza hata kujiandikisha kwa daktari naulizwa asili yangu. Fomu ya kazi, hivyo hivyo. Ukishatua tu unakuwa mweusi, mengine labda wakipata muda wa kukusikiliza.

Ndiyo maana mchoraji Everlyn Nicodemus ananigusa. Amezaliwa Marangu 1954, akahamia Sweden 1973, na huko akakutana na kutazamwa kwa rangi yake. Aliingia Chuo Kikuu cha Stockholm kusoma anthropolojia, lakini namna fani ile ilivyowafanya watu kuwa vitu vya kuchunguzwa haikumkalia vizuri. Akashika brashi. Mwaka 1980 akafanya maonyesho yake ya kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Picha aliyojichora 1982 akiwa Åkersberga, Sweden, ilinunuliwa na National Portrait Gallery, jumba la picha za watu la London, mwaka 2022, na ndiyo picha ya kwanza humo ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kwa brashi na rangi. Jumba lile lilianzishwa 1856. Piga hesabu.

Kwenye turubai hiyo hakuna uso mmoja. Nyuso zimeingiliana, huu unaanzia pale ule haujaisha. Mtu aliyekulia nyumbani akazeekea ugenini hahitaji kufafanuliwa.

Sasa zilinganishe na zile picha zinazouzwa Moshi mjini kwa watalii walioshuka mlimani: Wamasai warefu, shuka nyekundu, mikuki, na kichwa ni doa jeusi tu, hakina jicho wala mdomo. Siwalaumu vijana wanaozichora, wana ada za watoto za kulipa. Ila mnunuzi anaondoka na watu wasio na sura, na hiyo ndiyo sura yetu anayoitundika sebuleni kwake.

Likizo iliyopita nilimwonyesha shangazi picha ya Nicodemus kwenye simu, tumekaa barazani Marangu. Suala la rangi halikumshughulisha hata kidogo. Alisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha tena.

“Nicodemus yupi huyu? Wa ukoo gani?”

Nikasema sijui, ila anaishi Edinburgh siku hizi.

“Sasa baba, umeishi huko miaka yote hiyo, mtu wa kwenu yupo, hujaenda kumsalimia?” Akaitazama tena. “Na mbona kajichora wengi?”

Nikamweleza kwamba ugenini mtu anakuwa wengi. Akaguna.

“Hata hapa. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watu, shangazi yako, na mweka hazina wa kikundi. Kuwaona ni bei gani?”

Nikamwambia kuingia ni bure.

“Na nauli?”