Kumbukumbu ya chumba cha giza: madoa ya manjano kwenye picha za Gikomba

Jumanne nilizitia seleniamu, dawa ya kuimarisha picha na kubadili rangi yake kidogo, picha tano kati ya nane nilizopiga kwa mafundi wa soko la Gikomba, Nairobi. Kabla dakika tatu hazijaisha, pembe nyeupe za zote tano zilikuwa zimegeuka manjano. Ile niipendayo zaidi, ya fundi viatu aliyebana misumari kwa midomo, ilipata doa lililofanana na strungi iliyokauka mezani, kutoka ukingoni hadi kiganjani mwake. Iliniuma sana.

Kwanza niliyalaumu maji. Kwetu Kayole maji huja kwa mgao, na karatasi ya nyuzi, isiyo na tabaka la plastiki, hunywa dawa hata ikahitaji kuoshwa saa nzima, kazi ambayo mimi huifanya kwa mitungi. Lakini mabaki ya fiksa, dawa inayoondoa chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga, hushambulia fedha inayojenga picha yenyewe, tena polepole. Doa linalozuka papo hapo penye weupe ni dalili ya chumvi za fedha ambazo fiksa haikuziyeyusha. Nilidondosha tone la seleniamu, sehemu moja kwa maji tisa, kwenye ukingo wa picha ya sita ikiwa bado na unyevu, na doa likabaki hata baada ya kuisuuza. Karatasi niliyoikaza kwa fiksa mpya ilibaki nyeupe.

Kosa, basi, lilikuwa langu la kurudia chupa ileile ya fiksa. Kila karatasi huiachia fedha, na inapolemewa huunda michanganyiko isiyoyeyuka vizuri, ambayo hung'ang'ania kwenye nyuzi hata uioshe picha kutwa.

Sasa natumia trei mbili: ya kwanza hubeba kazi kubwa, ya pili hubaki safi, na ya kwanza ikichoka namwaga, ya pili ichukue nafasi yake. Hesabu ya karatasi naiandika kwa penseli kwenye plasta iliyobandikwa chupani. Kabla ya kuosha, picha hukaa dakika kumi katika sodiamu salfaiti, chumvi inayosaidia fiksa kutoka karatasini, gramu 20 kwa lita, jambo linalopunguza mitungi ya maji kwa kiasi kikubwa.

Zile tatu ambazo hazikuwa zimetiwa seleniamu nilizikaza upya, nikaziosha, nikazipima kwa tone: safi. Tano za kwanza haziokoleki, kwa kuwa doa la seleniamu halitoki. Jana usiku nilimchapisha fundi viatu tena kutoka kwenye negatifu, na asubuhi hii ananing'inia kambani, ukingo wake mweupe pande zote nne.