Sauti ya Shangazi Mwaloni Igombe

Shangazi yangu alikuwa na sauti ambayo kunguru wa Igombe waliijua. Sitanii. Ungeweza kuweka redio juu ya kichanja cha dagaa ukaifungulia mpaka mwisho, na kunguru akaendelea kudonoa kama yuko harusini. Lakini Shangazi akisimama mlangoni kwake, hatua kama hamsini hivi, akapiga "Swaa!" moja tu, unawaona wote hewani. Tatizo ni kwamba Shangazi alikuwa mmoja na vichanja vinne, na mwaka ule wa 2021 goti lake la kulia lilikuwa limeanza kugombana na mchanga.

Mimi nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa chuo, nasomea elektroniki, na kama wanafunzi wengi wa elektroniki sikuwa nimewahi kutengeneza kitu ambacho mtu wa nyumbani anaweza kukitumia. Kuwasha na kuzima taa kwa simu, hilo nilikuwa nalo. Shangazi aliliangalia mara moja akauliza swichi ya ukutani ina ubaya gani.

Kwa asiyepajua, Igombe iko kaskazini ya jiji la Mwanza, ukishaupita uwanja wa ndege. Ni mwalo wa dagaa. Usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanazifuata, nyavu zinafanya kazi yake. Mbalamwezi ikichomoza vizuri watu wanapumzika, maana taa haina kazi kwenye ziwa ambalo lote limeng'aa. Alfajiri mitumbwi inarudi, kina mama wananunua kwa ndoo na kuanika. Wa kuanikwa mchangani hukauka na mchanga wao, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Shangazi alianika kwenye vichanja vya miti na nyavu, na alikuwa hataki hata kusikia habari ya mchanga. Dagaa wake walikuwa safi, bei yao nzuri, na ndege walijua hivyo kabla ya wanunuzi: kunguru, yangeyange, mwewe, na yule kongoti mwenye upara na mfuko wa shingoni, anayetembea kati ya vichanja taratibu kama afisa aliyekuja kukagua.

Basi nikaamua kumtengenezea Shangazi mashine ya kufukuza ndege: kamera iwaone, spika iwafokee kwa sauti yake. Bodi niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi, shilingi 35,000 pamoja na usafiri. Ni ile ESP32-CAM, kijikompyuta chenye kamera, ndogo kuliko kiberiti. Mbele ina kamera ya OV2640, megapikseli 2, jicho lake kama punje ya hindi. Pembeni ina mahali pa kuchomeka memori kadi, na taa moja nyeupe ambayo ukiitazama moja kwa moja unaona nyota kwa dakika nzima. Haina tundu la USB. Ukitaka kuipa programu unatafuta adapta, unaunganisha pini namba 0 na negativu kwa kiwaya, unabonyeza kitufe cha kuanzisha upya, unapakia, unachomoa kiwaya, unabonyeza tena. Ukisahau kuchomoa, bodi inakaa kimya kama mtu aliyeudhiwa. Nilisahau mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Upande wa sauti nilikuwa na amplifaya ya MAX98357A, kijibodi kingine kidogo kinachomudu wati 3 kwenye spika ya ohm 4. Spika yenyewe niliinyofoa kwenye redio mbovu niliyouziwa na fundi mmoja pale Makoroboi, akanipa na ushauri wa bure kwamba kijana mwenye akili angenunua redio nzima.

Kuona kulikuwa kazi rahisi. Nilichukua picha ndogo za rangi ya kijivu, upana nukta 320 na kimo 240, nikazigawa viboksi 300. Kila kiboksi programu inatafuta wastani wa mwanga, inalinganisha na picha iliyotangulia. Vikibadilika viboksi vichache, kuna kitu kimetua. Vikibadilika karibu vyote kwa pamoja, hiyo ni wingu limepita au kamera yenyewe imejirekebisha mwanga, achana nayo. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna akili bandia yoyote. Haikujua kunguru ni nini. Naomba hilo mlikumbuke, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau.

Kumrekodi Shangazi kulinichosha zaidi. Nilimwekea simu mbele, nikamwambia afukuze ndege. Akajiweka sawa, akafunga kanga vizuri, akakohoa, halafu akasema kwa upole wa mtu anayesoma matangazo kanisani: "Swaa. Ninyi ndege, tokeni hapo." Nikamwomba arudie. Safari ya pili ilikuwa mbaya zaidi, akaongeza "tafadhali".

"Shangazi, wewe si ndivyo unavyowafokea."

"Sasa nimfokee nani, baba? Hapa kuna kunguru?"

Kweli, hapakuwa naye. Basi nikaiacha simu inarekodi kwenye nguzo ya kichanja cha tatu, nikajifanya nimesahau. Haikupita nusu saa. Nilipoisikiliza nilipata upepo, mawimbi, mtoto analia mbali, halafu hii: "Swaa! Toka hapo, mwizi mkubwa wewe!" Sekunde tatu kamili. Niliigeuza kwenye laptopu ikawa faili ya sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16, kilobaiti 96 tu. Mara ya kwanza kuicheza kwenye bodi nilisahau kubadilisha kasi, nikaiacha kwenye 44,100, na Shangazi akatoka kwenye spika akilia kama kifaranga. Alicheka mpaka akaketi.

Halafu likaja lile lililoninyima usingizi siku mbili. Kamera peke yake, safi. Sauti peke yake, safi. Nikiziweka kwenye programu moja, ya kwanza kuwashwa inaishi, ya pili inakataa. Nikabadilisha nyaya. Nikaishuku spika, na yule fundi wa Makoroboi nikamshuku pia, Mungu anisamehe. Usiku wa pili, umeme umekatika, nasoma kwenye simu yenye chaji ya asilimia 11, ndipo nikaelewa. Ndani ya ESP32, chipu iliyo ubongo wa ile bodi, kuna njia mbili zinazoitwa I2S, namba 0 na namba 1. Zilikusudiwa kupitisha sauti, lakini zina kasi, kwa hiyo programu inayoiendesha kamera imeikalia namba 0 na kuifanya mlango wa picha. Na ile maktaba ya sauti niliyoichukua, yaani programu iliyoandikwa tayari na wengine, usipoiambia chochote, nayo inakimbilia namba 0. Macho na mdomo vinapigania mlango mmoja, na ule wa pili uko wazi hauna mtu.

Dawa yake ilikuwa kufuta sifuri moja na kuandika moja. Siku mbili za maisha yangu.

Asubuhi nilimweleza Shangazi hivyo hivyo, macho na mdomo. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. "Kwa hiyo ikitazama haisemi, ikisema haitazami? Kama baba yako."

Ikabaki ya umeme. Sauti ikifika juu kabisa, umeme ulikuwa unashuka na bodi inajizima na kuanza upya, kwa hiyo ndege walisikia "Toka hapo, mwi" halafu kimya, halafu baada ya muda "Toka hapo, mwi" tena. Nilichomoa kapasita ya mikrofaradi 1,000, kile kijipipa kinachotunza umeme kidogo, kwenye runinga iliyokufa, nikaichomelea kwenye njia ya volti 5 karibu na bodi, na neno likamalizika. Kuna na jambo la ile taa nyeupe. Memori kadi, kamera na sauti vilikuwa vimekula pini zote, ikabidi waya wa data ya sauti niuweke pini namba 4, na pini namba 4 ndiyo ya taa. Matokeo yake kila sauti ikitoka, taa inamemeteka kwa kufuata maneno. Sikulitaka hilo, ila nilipoliona nikaliacha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Bodi iko kwenye kopo la siagi lenye tundu la jicho, spika imekaa kwenye dumu la lita 5 lililokatwa kitako ili sauti itoke imeshiba, pawabenki chini imefunikwa na nailoni, vyote vimefungwa kwa kamba ya nyavu kwenye nguzo ya kichanja cha tatu. Saa mbili na robo kunguru wa kwanza akatua. Akapiga hatua mbili, akainamisha kichwa. Taa ikamemeteka, "Swaa! Toka hapo, mwizi mkubwa wewe!", na yule kunguru aliondoka kinyumenyume, jambo ambalo sikujua kunguru anaweza. Vichanja vya jirani navyo vikaachwa. Shangazi, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha uji, alisimama akiangaza huku na huku kumtafuta anayemwigiza. Kina mama wakapiga vigelegele. Nilijiona profesa.

Ilipofika saa nne akaja mnunuzi. Mtu mzima, shati la kitenge, anatoka mjini, analipa taslimu na hakopi. Alikuwa na kawaida moja ambayo mwalo mzima uliijua na hakuna aliyewahi kumwambia usoni: kuonja. Anachota kiganja kizima, anavunja wawili watatu, anatafuna, anasema hawajakauka vizuri, halafu wale waliobaki kiganjani wanaingia mfukoni. Vichanja vinne, viganja vinne. Ukipiga hesabu ya mwalo mzima anaondoka na sado.

Akaja na "Mwangaluka" yake ya uchangamfu, salamu ya Kisukuma, akapita cha kwanza, akapita cha pili, akafika cha tatu akainama.

Mimi nilikuwa upande wa pili nakunja waya. Niliona taa ikimpiga usoni kabla sijafungua mdomo.

"Swaa! Toka hapo, mwizi mkubwa wewe!"

Alirudi nyuma, akakanyaga ndoo, akakaa chini. Dagaa wakamtoka kiganjani, wakamwagika kwenye shati. Ufukwe ulinyamaza, nakumbuka nilisikia maji. Akageukia mlangoni.

"Mama, umeniita mwizi?"

"Mimi?" Shangazi akanyanyua kikombe. "Mimi nina uji mdomoni."

Yule mzee akainuka, akasogea ahakikishe sauti imetoka wapi, akainama tena mbele ya kopo. Programu nilikuwa nimeiambia isubiri sekunde tano kati ya kelele na kelele. Zilikuwa zimeshapita. Akaitwa mwizi mara ya pili, kwa karibu, taa ikimhesabia kila neno, na hapo kina mama wakashindwa. Kuna mmoja alilala kabisa juu ya nyavu. Nilikimbia, nikang'oa waya wa pawabenki, nikapiga goti.

"Shikamoo mzee. Samahani sana. Ni mashine tu, inafukuza ndege. Haikujui."

"Haimjui?" Shangazi akasema kutoka kule mlangoni. "Mbona imemtaja?"

Hakununua siku ile. Alijikung'uta, akavuka kwenda vichanja vya mbele, na Shangazi akauza jioni kwa mtu mwingine, bei ya chini. Sikula vizuri usiku huo. Yeye alikula, na kila baada ya tonge mbili aliweka sahani chini akacheka peke yake.

Kunguru walidumu na woga wao kama wiki mbili, kisha wakazoea, mmoja mmoja. Wa kwanza kuzoea alikuwa kongoti. Kwenye memori kadi ninayo picha yake mpaka leo: ule upara umejaa fremu nzima, jicho moja limeingia kwenye jicho la kamera, akisikiliza anaitwa mwizi.

Mnunuzi alirudi siku ya nne. Alisimama mbali, mikono nyuma, akaniuliza, "Imelala?" Nikamwambia imelala. Akanunua ndoo sita bila kuonja, akaomba dagaa watatu tu, akapewa na Shangazi mkononi, akatafuna, akasema wamekauka.

Alipoondoka Shangazi aliniita. Alikuwa ameketi na zile noti amezifunga kwenye pindo la kanga.

"Hiyo kitu inaweza kujifunza neno jingine?"

"Inaweza, Shangazi. Neno gani?"

"Iseme bei haipungui."

Nikatoa simu, nikabonyeza kurekodi, nikamwelekezea. Akajiweka sawa, akafunga kanga vizuri, akakohoa. Akaitazama simu kwa muda. Halafu akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Iache pale kwenye nguzo. Tumsubiri arudi."