Pishi ya Leo

Shabati shalom, wapendwa.

Shabati iliyopita, baada ya kidushi, baraka ya Shabati juu ya divai, mmoja wetu alinivuta pembeni. Mzigo wake umekaa bandarini wiki ya tatu, tozo zinapanda kila kukicha, na fedha aliyonunulia ni ya mkopo. "Kila asubuhi nasema maneno ya Zaburi ya 145, *Waufumbua mkono wako*," aliniambia, "halafu natoka kwenda kuhangaika na makaratasi ya forodha. Sasa ninamtegemea nani?" Sikumjibu palepale. Nimeingia na swali lake katika fungu la Torati tunalosoma wiki hii, Beshalach.

Ni mwezi mmoja tu tangu wana wa Israeli watoke Misri, na chakula kimekwisha. Ndipo inashuka mana. Ukiisoma Kutoka sura ya 16 taratibu utaona kwamba haikuingia kinywani mwa mtu aliyelala. Ilitanda chini, ndogo kama sakitu, na kila mmoja alitoka asubuhi, akainama, akaokota: kila kichwa pishi moja, kipimo cha chakula cha siku. Jua likishakuwa kali, inayeyuka. Ukiificha mpaka kesho, inaingia mabuu na kunuka. Siku ya sita peke yake ndipo waliokota pishi mbili, kwa kuwa siku ya saba haikuonekana. Ndiyo maana Ijumaa jioni tunaweka mezani mikate miwili, kitambaa chini na kitambaa juu, kama mana ilivyolala katikati ya umande.

Wanafunzi wa Rabi Shimon bar Yochai walimwuliza, nasi tunayo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, Yoma 76: kwa nini isishuke mara moja kwa mwaka, watu wakajaza ghala wakatulia? Akawajibu kwa mfano. Mfalme alikuwa na mwana, akampa posho ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kijana akawa anakuja kumwamkia baba yake mara moja kwa mwaka. Mfalme akabadili, akampa ya siku kwa siku. Tangu hapo kijana hakukosa mlangoni hata siku moja. Vivyo hivyo, akasema, mtu mwenye watoto wanne au watano alikuwa akiwaza: pengine kesho mana haitashuka, na wanangu wote watakufa njaa. Na hapo ndipo wote walipoelekeza mioyo yao kwa Baba yao wa mbinguni.

Nampenda huyo baba wa watoto watano. Rabi hamkemei kwa kuwaza. Hamwambii kwamba mwenye imani halali na hofu. Hofu yenyewe inampeleka mlangoni, na asubuhi inamtoa nje na pishi yake mkononi.

Kuna barua moja ninayoithamini kuliko vitabu vingi vya imani. Iliandikwa karibu mwaka 1170 na David bin Maimon, mfanyabiashara, mdogo wake Rabi Musa bin Maimon, mwalimu mkuu wa Torati na tabibu, yule tunayemwita Rambam. Ilikutwa katika chumba cha maandiko chakavu cha sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, mji wa kale jirani na Kairo, maana kwetu karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi ovyo. David anaandika kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Amevuka jangwa kwa shida kubwa. Amefika sokoni, na hakuna cha maana cha kununua ila nili, rangi ya buluu ya kutilia nguo. Anaamua kupanda chombo aende India. Anamwambia kaka yake: aliyeniokoa jangwani ataniokoa na baharini. Anamwomba amtulize "yule mdogo" na dada wa huyo mdogo, asiwatie hofu, kwa sababu kumlilia Mungu juu ya jambo lililokwisha kupita ni sala ya bure. Hayo ni maneno ya Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa kale, na ameyaandika barua moja na habari za nili.

David alizama katika Bahari ya Hindi. Alizama na fedha zake, za kaka yake na za watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Miaka minane baadaye Rambam alimwandikia mtu wa Acre kwamba tangu siku alipopata habari ile alilala kitandani karibu mwaka mzima, kwa homa na kuchanganyikiwa, akakaribia kufa. David alikuwa sokoni akichuma, anasema Rambam, nami nikakaa salama. Kila nionapo mwandiko wake moyo wangu hupinduka. Kama si Torati iliyo furaha yangu, na elimu inayonisahaulisha huzuni, ningaliangamia.

Kwa hiyo sitamwambia ndugu yetu kwamba meli hufika kwa kila anayetumaini. David alitumaini. Anayeuza imani kama bima ya mzigo hajaisoma barua hii, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimesikia wengi wakihubiri hivyo. Nitakachomwambia ni kwamba sala na makaratasi ni kazi ya asubuhi moja. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 linatukumbusha kwamba hata nguvu ya kupata mali ni yeye anayeitoa. Aombe pishi ya leo, aende forodhani, na kesho abishe tena.

Rambam alipoinuka alikwenda kazini. Alikuwa ameshika hukumu kwamba anayekaa kusoma Torati bila kufanya kazi, akaishi kwa sadaka za watu, analitia Jina unajisi. Akaishi kwa utabibu wake. Mwaka 1199 alimwandikia Samuel ibn Tibbon, mfasiri wa kitabu chake, jinsi siku yake inavyokwenda: yeye anakaa Fustat, mtawala anakaa Kairo, na kila siku alfajiri lazima aende kumwona. Harudi ila mchana umekwisha pita, ana njaa kali, na anakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo. Anashuka kwenye mnyama wake, ananawa mikono, anawaendea na kuwasihi wamvumilie kidogo ale, na hicho ndicho chakula chake pekee kwa usiku na mchana. Mkate ule hakuumega bila baraka hii tunayoisema sote: *Umehimidiwa wewe, BWANA Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, utoaye mkate katika nchi.* Kisha akawarudia wagonjwa wake, na wengine walikuwa bado wanaingia usiku ulipotanda.