Siku moja na duka la magurudumu, Totsukawa

Saa 11 alfajiri napakia gari: mayai, tofu (vipande laini vya soya), samaki, mkate, betri. Kazi yangu ni kuwapelekea wazee duka mlangoni. Mimi ni wa Lushoto, milima naijua, ila hii ya mkoa wa Nara, Japani, ilininyamazisha. Totsukawa ni kijiji kimoja, lakini kina kilomita za mraba 672, kikubwa kuliko kata 23 za Tokyo zikijumlishwa. Watu? Kama 3,000 hivi. Kilichobaki ni msitu. Reli hakuna.

Saa 1 asubuhi, barabara namba 168. Inafuata mto, kona juu ya kona. Nyumba nyingi ziko juu mbavuni mwa mlima, zimejipanga kama kunguru kwenye waya. Huko ndiko kuna jua na kijisehemu cha kulima. Chini, mto hauaminiki. Agosti 1889 mvua iliangusha milima, wakafa watu 168, na wengine zaidi ya 2,400 wakahamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, kuanzisha Shintotsukawa, yaani Totsukawa Mpya.

Saa 2, kitongoji cha Tanize. Kreti begani, navuka daraja la kamba za chuma: urefu mita 297, kimo mita 54. Katikati mbao zinabonyea, na mto unauona kati ya miguu yako. Zamani walishuka hadi mtoni kuvuka kwa magogo, mafuriko yakayazoa kila mara, mpaka wanakijiji wakachanga fedha na daraja likajengwa 1954. Ng'ambo, bibi mmoja hukagua samaki jicho kwa jicho, kisha hunikatia kipande cha yubeshi: yuzu, tunda la jamii ya ndimu, lililokombwa, likajazwa miso (rojo la soya lililochachuliwa), likakaushwa. Chumvi, uchungu, utamu. Nakipenda kuliko mshahara, karibu.

Saa 5 namfikia babu ambaye ananiona kutoka barazani kwake tangu saa 3. Bonde tu limetutenga, lakini gari lazima lizunguke.

Saa 8 mchana, kitongoji cha Hatenashi. Njia ya mahujaji kutoka mahekalu ya Koyasan kwenda ya Kumano inapita uani mwa watu kabisa. Nauza mkate, nageuza.

Saa 12 jioni nipo kwenye bwawa la majimoto, na babu yuleyule kaketi mbele yangu, maji shingoni. "Kijana, kesho uanzie kwangu." Nikianzia kwake, bibi wa Tanize atapata tofu yake adhuhuri, na yule halalamiki bwawani. Anampigia bosi.