Kabla ya Bei, Niliuliza Kwa Nini Inauzwa

Baiskeli ya resi ikitangazwa mtandaoni kwa maneno "haijatumika sana", jua kuna kitu kilimshinda mwenyewe. Mara nyingi kitu hicho hakimo ndani ya baiskeli. Kiko pembeni yake: tairi isiyopatikana mjini, mwili usiolingana na fremu, au nyumba isiyo na pa kuiweka. Ukikijua, na kikawa ni kitu unachoweza kukimaliza wewe, umepata baiskeli nzuri kwa bei ya mtu aliyechoka kuitazama. Yangu niliipata hivyo, na naandika kwa sababu Tanga tunaipenda baiskeli kwa dhati, lakini wengi wetu tumekwisha kujiambia kwamba zile nyepesi za giya ni za watu wengine.

Naishi Chumbageni. Baiskeli naijua tangu utotoni, zile nzito zenye keria, na bado ninayo moja ya kwendea sokoni. Nilichotaka ni nyepesi ya kwenda mbali asubuhi za mwisho wa wiki, hasa barabara ya Horohoro, ile lami ya kilomita kama 65 hadi mpakani. Mpya yenye giya za kueleweka ilikuwa ikiuzwa zaidi ya milioni mbili. Mimi nilikuwa nimetenga laki nane. Basi nikaanza kusoma matangazo ya Facebook na ya vikundi vya WhatsApp, ya Tanga, Dar, Moshi na Arusha, na kila muuzaji nilimuuliza sababu kabla ya kugusa bei.

Sababu ya kwanza unayopewa ni ya heshima tu. "Nahama." "Nina shida ya haraka." "Imekaa tu ndani." Sikuwalaumu. Mtu aliyetoa fedha nyingi kwa kitu alichokipenda kisha kikamshinda hana raha ya kumweleza mgeni. Nilichojifunza ni kubadili swali: "Kaka, siku ulizokuwa unaiendesha, ilikuwa inakusumbua wapi?" Hapo watu hufunguka. Kuna waliozungumza nami kwa nusu saa, na nadhani walihitaji mtu wa kumweleza kuliko walivyohitaji mnunuzi.

Kaka mmoja wa Sahare alikuwa na baiskeli safi sana ya alumini. Akanijibu, "Dada, tairi zimekataa hewa, na mafundi wameshindwa." Nilikwenda kuiona pamoja na mzee wangu mmoja, fundi wa Ngamiani aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Mzee akainama kwenye gurudumu, akakizungusha kitu kwa vidole viwili, hewa ikapiga "fss". Baiskeli nyingi za resi zina valvu nyembamba inayoitwa Presta, kama milimita 6 kwa unene, na nchani mwake kuna nati ndogo inayopaswa kulegezwa kabla ya kupampu. Isipolegezwa, hewa haiingii. Tena pampu nyingi za mtaani hazishiki valvu hiyo mpaka uifungie kichwa kidogo cha shaba. Fundi asiyeijua hushauri tundu la ringi litobolewe, kutoka milimita 6.5 hadi 8.5, ili tyubu ya valvu nene ipite. Kwenye ringi nyembamba mimi nakataa kabisa, unaidhoofisha pale pale inapobeba mzigo.

Tairi nazo zina mtego wake. Tairi ya baiskeli zetu za keria huitwa inchi 28, na tairi ya resi pia huweza kuitwa inchi 28. Lakini soma ubavuni: ya keria kwa kawaida imeandikwa 635, ya resi 622. Hizo ni milimita za kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi. Tofauti ni milimita 13, na inatosha tairi kukataa kabisa kukaa. Mwenye duka hakudanganyi akikuuzia, na wewe hukukosea kununua, ila ukifika nyumbani haikai. Baiskeli inaegeshwa kusubiri tairi ya Dar, mwezi unapita, mwaka unapita, halafu linakuja tangazo.

Yule kaka wa Sahare alipoona gurudumu limejaa akasema, "Basi siiuzi tena," akalifuta tangazo lake tukiwa bado uani kwake. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Hata hivyo ile fremu ilikuwa kubwa mno kwangu.

Sababu nyingine nimeisikia mara nyingi na naiamini kuliko zote: bei yenyewe. Baiskeli ya laki mbili unaiegesha nje ya soko la Mgandini, unafunga kufuli, unaingia kununua samaki. Ya milioni mbili huwezi kuiacha pale ukawa na amani. Haina keria, kwa hiyo hata gunia la mkaa halipandi. Haina madigadi, kwa hiyo mvua ya masika inakupaka tope mgongoni. Katika mji ambao baiskeli ni ya kwenda kazini, sokoni na msikitini, chombo kisichoweza kufanya lolote kati ya hayo kinataka saa zake peke yake, na saa hizo ndizo watu hawana. Aliyeinunua aliiona safari ya alfajiri. Hakuiona ratiba ya watoto kwenda shule. Nadhani hata magitaa na kamera zinazouzwa zikiwa bado na maboksi yake zina habari hiyo hiyo.

Zipo na sababu nyepesi. Wageni wanaomaliza mikataba huuza upesi na kwa bei nzuri, maana ndege haisubiri. Wapo wa Dar walioogopa malori, na hofu hiyo ina haki yake. Wapo walionunua mwaka 2020, wakati wa korona, baiskeli zilipogombaniwa dunia nzima hadi viwanda vikazidiwa na maagizo. Maisha yalipofunguka, zikabaki ukutani.

Muuzaji wa Raskazone, mtaa wa pwani hapa Tanga, ndiye aliyeniuzia. Ni baba mtu mzima, mrefu, zaidi ya sentimita 180, na fremu ilikuwa ya saizi 50, ya mtu mfupi. Alipewa punguzo akaichukua bila kuipanda. Nilipomsalimu na kumuuliza inamsumbua wapi, akashika kiuno. "Mwanangu, kila nikirudi mgongo unaniuma siku mbili." Mimi nina sentimita 160. Fremu ya 50 ilinikaa kama iliyopimwa kwangu. Kilichomuumiza yeye ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Lakini kutotumika hakumaanishi kutoharibika, hasa hapa kwetu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na baiskeli iliyosimama barazani Raskazone huliwa na kutu ikiwa imetulia. Kwanza nililegeza skrubu ya bomba la siti nione kama linasogea, kwa sababu chumvi huweza kuligandisha ndani ya fremu lisitoke tena. Lilisogea. Kisha nikatazama mstari ulioandikwa kwenye bomba, ule wa mwisho wa kulivuta juu. Kwa urefu wake nilijua angekuwa ameupita, na alikuwa ameupita kweli. Bomba likivutwa kupita pale, uzito wote unasukuma shingo ya fremu, na fremu huweza kupasuka. Nikapitisha kidole na tochi ya simu pande zote. Hapakuwa na ufa.

Cheni niliipima kwa rula. Cheni nzima huwa na inchi 12 kamili kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, imekwisha. Hii haikuzidi, kwa hiyo kweli haikutembea sana, ila kutu ilikuwa imeifanya ngumu. Tairi zilikuwa bado na vinywele vya kiwandani, lakini mpira ulikuwa umekauka na kuanza kupasuka ubavuni.

Giya zake ni za kampuni ya Shimano, aina ya Claris, nane nyuma. Kuna waliosema nisubiri yenye kumi na moja. Sikukubali, na sikubali leo. Cheni ya giya nane ni ya familia moja na zile za sita na saba zinazouzwa kwa ajili ya baiskeli za kawaida za giya. Ikikatika siku ya Jumamosi, naweza kupata nyingine hapa hapa mjini.

Alitaka milioni moja na laki mbili, "maelewano yapo". Sikuikashifu baiskeli yake. Nilimwonyesha cheni na tairi, nikamtajia gharama za kuzibadilisha, tukaelewana laki saba. Alikuwa na risiti ya dukani. Namba ya fremu iliyochongwa chini, pale mikono ya pedeli inapokutana, tuliiandika kwenye hati ya mauziano na kuipeleka ofisi ya serikali ya mtaa ikagongwe muhuri. Muuzaji yeyote anayesitasita kuhusu namba hiyo, mimi huaga kwa adabu nikaondoka, hata kama baiskeli inang'aa.

Laki iliyobaki ilitosha cheni. Tairi na tyubu niliziagiza Dar baadaye zikaja kwa basi, pamoja na kile kichwa cha shaba, ambacho sasa kinakaa kwenye ufunguo wa nyumba.

Wengi wameniomba ujumbe ninaowatumia wauzaji. Ni huu, unaweza kuuchukua ulivyo:

"Habari za leo, kaka. Nimeiona baiskeli yako na nimeipenda. Kabla hatujaongea bei, naomba unisaidie: wewe una urefu gani? Mara ya mwisho uliiendesha wapi, na uliporudi ulikuwa unaumwa au unakereka na nini? Ilikuwa inawekwa ndani au barazani? Nipigie pia picha ya cheni kwa karibu, na ya namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi."